Mpishi wa Chuma wa kweli ni Chen Kenichi, si Sakai wala Morimoto. Anayebisha aje

#1 SufuriaJeusi

Wakuu, habari za jioni.

Kwa wasiokijua: Ryori no Tetsujin kilikuwa kipindi cha Fuji Television ya Japani, kilianza Oktoba 1993 kikaisha Septemba 1999. Nje ya Japani kinajulikana zaidi kama Iron Chef. Mwenyekiti Kaga, bwana mkubwa wa kubuni mwenye ngome yake, amekusanya wapishi wa chuma. Kila wiki anakuja mpinzani, anachagua wa kupambana naye, kitambaa kinafunuliwa, kiungo kikuu cha siku kinaonekana, dakika 60 zinaanza kuhesabiwa. Kila mpishi ana wasaidizi wake wawili tu. Waonjaji wanakula, wanatoa alama, mmoja anaondoka kifua mbele na mwingine anainamisha kichwa.

Ukiuliza nani alikuwa bora, wengi watakutajia Sakai, wa jiko la Kifaransa, kwa sababu ndiye aliyetawazwa mfalme mwishoni. Vijana watasema Morimoto, wa jiko la Kijapani, kwa kuwa wamemwona kwenye toleo la Marekani. Mimi nasimama na Chen Kenichi, wa jiko la Kichina. Ndiye pekee aliyeanza na kipindi na kumaliza nacho. Ishinabe wa Kifaransa aliondoka mapema, Sakai akaingia 1994, Michiba wa Kijapani alistaafu, kisha wakaja Nakamura, Kobe na Morimoto. Chen yupo tu, na nguo yake ya njano, anacheka na wasaidizi huku moto unawaka hadi kidevuni. Alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 67, na kila nikimwona anarusha karai lile roho inaniuma.

Naomba kuwasilisha.

#2 MtotoWaMagomeni

Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 BintiSayari

Nabisha mkuu, tena kwa heshima zote za marehemu.

Kudumu ni kitu kimoja, ubora ni kingine. Sakai na Chen wote walishinda zaidi ya mara 60, lakini Sakai alipoteza mara chache zaidi. Halafu ukumbuke kipindi kilivyoisha mwaka 1999: wapishi wa chuma walipambanishwa wao kwa wao kumpata mfalme, Sakai akamshinda huyo huyo Chen wako. Baada ya hapo akaletewa Alain Passard kutoka Paris, mtu mwenye nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la migahawa, akamshinda naye. Unataka nini zaidi?

Mimi nilianza kumpenda nikiwa Toronto miaka hiyo, kipindi kimetafsiriwa sauti kwa Kiingereza. Watu wote walikuwa na sauti za kubandika isipokuwa Mwenyekiti Kaga. Yeye walimwacha na Kijapani chake, wakaweka maandishi chini. Walifanya la maana sana, maana ile sauti huwezi kumpa mtu mwingine.

#4 Kaptula

Kaga alikuwa noma! Pale mwanzoni anapoing'ata pilipili hoho nyekundu halafu anatabasamu. Sijawahi kuona mtu anakula hoho mbichi kwa madaha vile.

#5 BintiSayari

@Kaptula hoho ya njano, si nyekundu. Na kabla ya hapo wanaonyesha maneno ya Brillat-Savarin, mwandishi wa Kifaransa wa mambo ya chakula, kwamba niambie unachokula nikwambie wewe ni nani.

#6 Kaptula

Njano, sawa. Asante dada.

#7 FundiKarai

Nimepika hotelini Mombasa miaka mingi, wacha niseme jambo ambalo watazamaji hawalipi uzito.

Ile saa moja haikuwa sawa kwa wote. Jiko la Kichina limejengwa juu ya haraka: unakata kila kitu kwanza, unapanga vibakuli, mafuta yakishika moto chakula kinaiva kwa dakika chache. Karai la Chen linaweza kutoa sahani tano wakati Mfaransa bado anasubiri mchuzi wake upungue. Supu ya mifupa ya ndama ya Kifaransa ni kazi ya saa nyingi, hakuna mtu duniani anayeianza saa ile kengele inapolia akaimaliza ndani ya dakika 60. Lazima iwe imeandaliwa kabla. Vivyo hivyo ile supu nzito ya Kichina ya kuku na nyama ya nguruwe iliyokaushwa.

Sasa mtazame Michiba. Anaweka kombu, yaani mwani mkavu, kwenye maji, anaongeza vipande vya samaki jodari aliyekaushwa, tena vingi mno, anachuja. Supu imekuwa supu ndani ya muda wa pambano, mbele ya macho yako. Kwa hiyo mimi nikipima, Wachina na Wajapani walikuwa na faida ya muda. Sakai kushinda mara nyingi vile akiwa na jiko la Kifaransa ni kazi nzito zaidi kuliko mnavyodhani.

#8 SufuriaJeusi

@FundiKarai umenena, lakini umenisaidia mimi. Kama moto mkali ni faida, basi Chen aliitawala faida yake kwa miaka sita bila kuchoka. Wapinzani wa Kichina waliokuja kupambana naye walikuwa na karai lile lile na moto ule ule.

#9 FundiKarai

Hilo siwezi kulikataa.

#10 Mzee wa Ishikawa

Hamjambo. Nipo Kanazawa kwa masomo, na hapa mkoani jina la Michiba Rokusaburo ni jina la nyumbani, maana alizaliwa Yamanaka Onsen, hapa hapa Ishikawa, mwaka 1931.

Vijana mnagombana juu ya Sakai na Chen na mmeshamruka mzee. Michiba alikuwa na miaka zaidi ya 60 kipindi kinaanza. Wenzake umri huo wanakaa kaunta wanasalimia wateja, yeye anakimbizana na saa. Kengele ikilia, kabla hajashika kisu, anachukua brashi na wino anaandika orodha ya vyakula atakavyopika. Maandishi yake mazuri kama ya mwalimu wa dini. Halafu anaifuata.

La maana zaidi ni kwamba alikuwa mpishi wa Kijapani asiyeogopa kuchukua maini ya bata ya Wafaransa au vitu vya Kichina na kuviingiza katika mlo wa Kijapani. Kwa wapishi wa jadi hilo lilikuwa jambo zito. Morimoto alikuja kuvuna njia iliyofyekwa na Michiba, ila yeye akaenda mbali zaidi hadi kundi la wapishi wa jadi la mpishi Ohta Tadamichi likawa linaleta mpinzani mmoja baada ya mwingine ili wamwadabishe.

#11 Jirani Mwema

@Mzee wa Ishikawa hapo kwenye brashi ndipo mimi napata shaka. Mtu anawezaje kuandika milo mitano kamili dakika ya kwanza kama hakujua kiungo kabla? Nasema wazi: walikuwa wanajua. Mpinzani anaingia na vyombo vyake maalumu, vingine huvikuti jikoni kwa kawaida, na vinaendana na kiungo cha siku vizuri mno.

#12 Mzee wa Ishikawa

Mpishi wa kaiseki, yaani mlo wa jadi wa Kijapani wa sahani nyingi ndogo, kazi yake ndiyo hiyo, kutunga mlo kutokana na kilichopo sokoni asubuhi ile. Michiba alifungua mgahawa wake Ginza mwaka 1971. Mpe pweza, mpe tikiti, kichwani ana mamia ya namna za kukipika. Wewe ukipewa unga na maji unafikiria chapati kwa muda gani?

#13 BintiSayari

Nadhani ukweli uko katikati. Toleo la Marekani lililoanza 2005 wenyewe wameshasema wapishi hupewa orodha fupi ya viungo vinavyoweza kutokea, kisha kimoja ndicho kinachofunuliwa. Ni jambo la akili tu: mtayarishaji lazima anunue vitu vya pembeni, na mpishi hawezi kuagiza kitu saa ile ile. Sioni kwa nini Japani ingekuwa tofauti sana.

#14 Jirani Mwema

Basi tunakubaliana kwamba si ghafla.

#15 BintiSayari

Hatukubaliani. Kujua vitu vitano si kujua kimoja. Bado unapika dakika 60 mbele ya kamera, na Ohta Shinichiro, mwandishi wa habari wa jikoni (si yule Ohta mpishi), anakuchungulia sufuriani huku anamwita mtangazaji Fukui kwa kelele: "Fukui-san!"

#16 MtotoWaMagomeni

"Fukui-san!" 😂😂 Umenikumbusha mbali. Yule mwandishi wa pembeni alikuwa na pumzi jamani. Na Daktari Hattori, mchambuzi wa kipindi, pale mezani anaeleza kila kitu, yaani mpishi bado hajaweka chumvi yeye ameshajua kinakoelekea. Mwenyezi Mungu amrehemu, naye alifariki Oktoba 2024.

#17 FundiKarai

@Jirani Mwema nikuongezee la jikoni. Hata ukipewa orodha, mkono hauwezi kudanganya. Angalia Chen anavyokata kwa lile panga pana la Kichina: tangawizi, kitunguu, nyama, hadi kamba anamtoa mshipa wa mgongoni, chombo ni kile kile kimoja. Hiyo hakupewa na mtayarishaji wa kipindi.

#18 Bi Mwanaisha

Assalaam alaykum. Naona wote mmejaa wanaume wa chuma, hakuna hata mmoja aliyemtaja mwanamke aliyemwangusha Chen kwa viazi.

Kobayashi Katsuyo, mwaka 1994. Hakuwa mpishi wa hoteli, alikuwa mwalimu wa mapishi ya nyumbani, mwandishi wa vitabu vya mama wa nyumbani mwenye kazi na watoto na muda mfupi. Kiungo kikuu viazi mviringo. Akapika vyakula vya mezani kwa mtu wa kawaida, akashinda. Mimi nimefundisha mabinti mapishi hapa Tanga na nikitaka kuwatia moyo nawaonyesha pambano lile.

#19 SufuriaJeusi

Bi Mwanaisha shikamoo. Nililijua hilo pambano, nilitumaini hakuna atakayelitaja mapema hivi 😅

Lakini nina maelezo. Kiazi ni chakula cha nyumbani. Kipeleke kwenye jiko la Sichuan unakifunika kwa viungo vikali, mlaji hakioni tena. Kiungo chenyewe kilimfaa mama yule.

#20 Bi Mwanaisha

Marahaba mwanangu. Lakini vyakula vya Kichina vya viazi vipo, tena Sichuan yenyewe wanakata kiazi nyembamba wanakikaanga na siki na pilipili kinabaki kinalia mdomoni. Si kiungo kilichomwangusha. Mama yule alijua kupanga moto wa majiko kadhaa kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya anayepikia familia. Saa moja kwake ilikuwa kawaida.

#21 Jirani Mwema

Mimi nadhani waonjaji ndio walioamua. Miongoni mwao walikuwemo waigizaji na wanasiasa, si wote watu wa chakula. Ukimwekea mwanasiasa kitu kinachofanana na cha mama yake, ameshakwisha.

#22 Mzee wa Ishikawa

Lakini alikuwepo Kishi Asako, mwandishi wa mambo ya chakula, na huyo mama hakuwa na huruma na mtu. Akisema chumvi imezidi, imezidi.

#23 Nahodha_Pemba

Salaam. Nimefika nimechelewa. Hakuna aliyezungumzia Morimoto na yule Mmarekani Bobby Flay? Lile la New York mwaka 2000, kiungo kaa. Flay alipigwa shoti ya umeme jikoni maana sakafu ilikuwa imelowa maji, akaendelea. Muda ulipoisha akapanda juu ya ubao wa kukatia, na viatu vyake, akawa anashangilia kama amefunga goli. Morimoto akasema huyu si mpishi. Ubao na kisu kwa mpishi wa Kijapani ni vitu vya kuheshimiwa. Mimi nilisimama na Morimoto siku ile na nimesimama naye hadi leo.

#24 Kaptula

Na waliporudiana Japani Flay alirudia tena kusimama juu ya ubao!

#25 BintiSayari

@Kaptula mara ya pili, 2001, aliutupa ubao pembeni kwanza ndipo akapanda mezani. Na siku hiyo Flay alishinda, kwa kamba koche. Tuwe wakweli hata kama hatumpendi.

#26 Nahodha_Pemba

Meza nayo ni ya kazi, dada. Nyumbani kwetu mtu hapandi hata juu ya kinu.

#27 FundiKarai

Nahodha nipo upande wako. Niliwahi kuwa na mkubwa wa jiko, aliyekanyaga eneo la kukatia samaki alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Ila Morimoto mwenyewe ni mtu wa ajabu. Kijana wa Hiroshima, alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, bega likaharibika, akaenda kujifunza sushi. Akauza mgahawa wake akaenda Marekani mwaka 1985. Alipokuwa mpishi wa chuma mwaka 1998 alikuwa mpishi mkuu wa mgahawa wa Nobu, New York. Ndiyo maana chakula chake kiliwachanganya wazee: mkono wa Kijapani, akili imeshazunguka.

#28 Jirani Mwema

Tukirudi kwenye mada. Mnajadili nani bora, mimi nauliza kwa nini matoleo mengine hayakufikia lile la kwanza. Japani wenyewe walijaribu kulirudisha 2012 na mwenyekiti mwingine, halikufika mbali. La Marekani lilidumu lakini halikuwa na roho ile.

#29 SufuriaJeusi

Kaga. Jibu ni Kaga. Yule ni mwigizaji wa jukwaani, aliigiza Yesu na aliigiza Jean Valjean kwenye michezo ya muziki Tokyo. Alipovaa yale majoho na glavu hakuwa anachekesha, alikuwa anaigiza kwa dhati kama yuko jukwaani na tamthilia ya kifalme. Wengine waliofuata wanaigiza kama watu wanaojua kwamba ni mchezo.

#30 Mzee wa Ishikawa

Mimi nasema pesa. Mnunuzi wa kipindi hakubana mkono: maini ya bata, uyoga wa matsutake, uyoga ghali wa truffle, mayai ya samaki. Kwa miaka ile yote gharama ya vyakula ilipita yeni milioni 800. Uchumi wa Japani ulikuwa umeshaanza kudorora lakini televisheni bado ilikuwa na pesa za kuchezea.

#31 MtotoWaMagomeni

Muziki! Ule muziki wa wapishi kupanda juu kutoka chini ya jukwaa, moshi unafuka. Walichukua wa filamu ya wazima moto, Backdraft, ya Hans Zimmer. Hata ungekuwa unakaanga yai unahisi unaokoa mtu.

#32 Bi Mwanaisha

Mimi naona ni heshima. Mshindi hatukani, aliyeshindwa hatafuti kisingizio, wanainamiana. Mashindano ya siku hizi jaji anamwaga chakula cha mtu jalalani mbele ya kamera. Siwezi kuwaonyesha wanafunzi wangu kitu kama hicho.

#33 BintiSayari

Bi Mwanaisha hapo umenigusa. Ingawa mpishi Kandagawa wa Osaka hakuwa mnyenyekevu sana 😄 Yule mzee alikuwa analeta wanafunzi wake kuwapiga wapishi wa chuma na yeye anakaa pembeni anafoka, ameshika msimamo wake kwamba upishi ni moyo. Nilimpenda sana lakini.

#34 Kaptula

Swali: kuna Mwafrika yeyote amewahi kuwa mpishi wa chuma?

#35 FundiKarai

Marcus Samuelsson, kwenye toleo la Netflix la 2022. Alizaliwa Ethiopia, akakulia Sweden, jina akalijengea New York. Anatumia berbere, viungo vikali vya Kihabeshi, bila kuomba radhi. Lakini hakuwa katika lile la Japani.

#36 SufuriaJeusi

Nimekumbuka jambo la Chen ambalo nilipaswa kuliweka mwanzo. Baba yake, Chen Kenmin, alitoka Sichuan akafungua mgahawa wa Shisen Hanten Tokyo mwaka 1958. Ndiye aliyewazoesha Wajapani mapo tofu (tofu ya mchuzi wa pilipili na nyama ya kusaga) na kamba wa pilipili. Alipunguza ukali, alitumia vilivyopatikana Japani, kwenye kamba akaweka hata tomato sosi. Watu wa Sichuan wangemcheka, lakini leo hicho ni chakula cha nyumbani kwa Mjapani. Kwa hiyo Chen Kenichi aliposhika karai alikuwa amebeba jina la baba mbele ya nchi nzima, kila wiki. Na mwanawe Kentaro naye ameendeleza, Shisen Hanten ya Singapore ilipata nyota mbili za Michelin. Sakai ni fundi mkubwa, sikatai. Ila uzito huo hakuwa nao.

#37 BintiSayari

Hiyo ni hadithi nzuri ya ukoo, mkuu, lakini waonjaji hawakuonja ukoo. Walionja kilichokuwa sahanini.

#38 Nahodha_Pemba

Hapo dada kakukaba.

#39 Mama Tofu Dodoma

Samahanini kukatiza. Hiyo mapo tofu ninaitaka, je tofu nikikosa niweke nini? Hapa nilipo naipata kwa nadra.

#40 FundiKarai

Mama, maharage ya soya yapo sokoni. Loweka usiku kucha, saga, chuja maziwa yake, chemsha, gandisha kwa ndimu au siki, kamua kwa kitambaa na uweke uzito juu. Itakuwa ngumu kidogo kuliko ya dukani lakini inafaa. Usiivuruge ukishaiweka kwenye mchuzi, tikisa karai tu. Pilipili ya Sichuan ile inayotia ganzi ulimi haina mbadala, ukikosa acha, usiweke pilipili manga ukadhani umefika.

#41 Mama Tofu Dodoma

Asante sana, nitaleta mrejesho.

#42 Mwanakwerekwe

Nimesoma uzi wote na hamna hata mmoja aliyemtetea Nakamura Komei. Mmemtaja jina mara moja tu kule juu.

Alirithi kiti cha Michiba mwaka 1996, kiti ambacho hakuna aliyekitaka baada ya mzee yule. Ametoka Nadaman, nyumba ya upishi wa jadi. Hakuwa na brashi, hakuwa na kelele za Morimoto. Alipika Kijapani chenyewe, taratibu, na alipoteza mapambano mengine kwa sababu watu walikuwa bado wanamtafuta Michiba katika sahani yake. Kama mnapima ugumu wa kazi, leteni mzani nami nimweke huyo. @SufuriaJeusi unasemaje?

#43 SufuriaJeusi

Nasema kesho nitaangalia tena mapambano ya Nakamura, yote nitakayoyapata, halafu nirudi hapa. Lakini Chen hashuki.